Nimempeleka dogo Peenemünde, kule kulikoanzia roketi kubwa. Njooni tuongee

Mpwani_Rostock

Habarini wakuu. Huu uzi nimeuandika mara mbili nikaufuta, leo nauweka tu jinsi ulivyo, utakuwa mrefu mnivumilie.

Tunaishi Rostock, kaskazini ya Ujerumani, na mwanangu wa kiume ana miaka kumi. Huyo mtoto ni roketi asubuhi roketi usiku, anazijua Saturn V na Soyuz kwa urefu na kwa tani kama sisi tulivyokuwa tunajua namba za jezi za wachezaji. Sasa shuleni kuna mwenzake kamwambia roketi zote za leo bibi yao yuko hapa hapa karibu na sisi, kisiwa cha Usedom, kijiji kinaitwa Peenemünde, na kuna makumbusho. Basi kwangu hamna amani, "baba lini, baba lini", mpaka Jumamosi iliyopita tukaingia kwenye gari, kama masaa mawili hivi, unapita daraja la Wolgast unaingia kisiwani halafu unakata kushoto kwenda ncha ya kaskazini kabisa, misonobari kulia misonobari kushoto. Ile misitu ina vibao vya kukataza kuingia maana mabomu ya vita bado yamelala chini ya majani, miaka 80 na ushee hayajaisha kutolewa.

Makumbusho yenyewe yamo ndani ya mtambo wa umeme wa zamani, wa makaa ya mawe. Jengo la matofali mekundu, kubwa, linaogopesha kidogo ukilikaribia. Nilijiuliza makumbusho ya roketi na mtambo wa umeme vinahusianaje, kumbe umeme mwingi ulikuwa unakwenda kutengeneza oksijeni ya kimiminika, ile ya baridi ya nyuzi 183 chini ya sifuri, ndio roketi ilikuwa inaunguzia mafuta yake. Wenyewe waliujenga kuanzia 1939 na mtambo uliendelea kufua umeme mpaka 1990, yaani Wajerumani wa mashariki waliutumia miaka yote ile kama kawaida, halafu 1991 ukawa makumbusho. Maboila yako pale pale na mashine za kubebea makaa zipo nje upande wa bandari.

Uani ndio imesimama yenyewe. Kopi ya A4, roketi ya silaha ya Wajerumani wa vita ya pili ya dunia, wengi tunaijua kwa jina la V2. Mita 14, rangi nyeusi na nyeupe mabaka ya mraba kama dama. Dogo alivyoiona aliniachia mkono akakimbia, akaenda kusimama chini ya pezi akaangalia juu. Ile rangi wala haikuwa urembo, ilikuwa inawasaidia kuona kwenye filamu kama roketi inajizungusha ikiwa angani. Hii ndio mashine ambayo tarehe 3 Oktoba 1942 iliruka kutoka hapo ikapanda karibu kilomita 85, na Juni 1944 wakarusha moja wima ikapita kilomita 170, kitu cha kwanza kutengenezwa na mtu kufika anga za juu.

Naendelea chini, kuna mambo sijamaliza.

fundi_injini

Mkuu usikimbie, tupe ya injini kwanza. Uliona chemba?

Mpwani_Rostock

Niliona mkuu na hapo ndio tulikaa muda mrefu kuliko sehemu yoyote. Kuna vyuma vya injini, vimeliwa na kutu, vingine vimekunjika kama kopo lililokanyagwa na lori. Ile chemba ya kuchomea kwa juu ina vikombe 18 vimepangwa duara mbili, kama bakuli limepinduliwa limeota vikombe mgongoni, na kila kikombe kina matundu madogo mengi sana, oksijeni inatokea katikati na spiriti inatokea pembeni, vinakutana vinawaka. Dogo alianza kuhesabu vikombe akakosea akarudia, hakukubali tuondoke mpaka amefika 18 yeye mwenyewe.

Spiriti yenyewe ni ethanoli asilimia 75 na maji asilimia 25, na sehemu kubwa walikuwa wanaipika kwa viazi. Viazi ulaya wakuu, ilhali watu wana njaa ya vita.

fundi_injini

Asante. Niongeze kwa wasioifuatilia hii kitu maana mi ndio kazi yangu ya kila siku, pampu na tabaini.

Tatizo la roketi kubwa halikuwa moto, moto ni rahisi. Tatizo ni kuyafikisha mafuta kwenye moto kwa kasi inayotakiwa. Ile A4 inakula zaidi ya kilo 120 za mafuta na oksijeni kila sekunde moja, fikiria unamwaga mapipa. Ukitaka kusukuma kwa presha ya gesi tu inabidi tanki liwe nene kama boila, halinyanyuki. Kwaiyo wakaweka pampu inayozungushwa na tabaini, yaani gurudumu la mapanga, na ile tabaini inapata mvuke kutoka kwenye kemikali ya haidrojeni peroksaidi ukiichanganya na nyingine ya pemanganeti, inalipuka kuwa mvuke wa moto sana hapo hapo bila kuhitaji jiko. Pili ni kupoza, ndani ya chemba joto linazidi nyuzi 2,500 na chuma hakifiki huko, basi ile spiriti kabla haijaungua inapitishwa kwanza kwenye ukuta wenye ngozi mbili, inapoza chuma, halafu nyingine inavuja kwa ndani kupitia vitundu vidogo inaweka utando kati ya moto na ukuta. Tatu ni usukani, wakati inaondoka haina kasi ya kutosha mapezi yashike hewa, kwaiyo wakaweka vibao vinne vya grafiti ndani kabisa ya moto unaotoka, vikipinda kidogo roketi inapinda. Dakika moja na kidogo injini imezima, iliyobaki inakwenda yenyewe kama jiwe limerushwa.

Hayo mambo matatu ndio yaleyale mpaka kesho, ukitoa vibao vya grafiti maana siku hizi injini yenyewe inageuzwa. Vile vikombe 18 ni kazi ya Walter Thiel. Alikufa pale pale na familia yake usiku Waingereza walipokuja kupiga, Agosti 1943.

Mama Zai

Mimi hizo pampu sizijui lakini nimesoma mpaka mwisho. Baba nanihii, uliandika juu kwamba uzi uliufuta mara mbili. Kwanini? Mtoto kulitokea nini huko?

Mpwani_Rostock

Dada yangu umenishika pale pale.

Ukitoka kwenye vyuma unapanda ghorofa, na huko hawajakuficha kitu. Picha, barua, vitu vya wafungwa. Peenemünde ilijengwa kuanzia 1936 kama siri ya jeshi, na walioijenga na kuiendesha si wahandisi peke yao, kulikuwa na vibarua wa kulazimishwa kutoka Poland, Urusi na kwingine, na kambi za wafungwa. Usiku ule wa tarehe 17 kuamkia 18 Agosti 1943 zilikuja ndege 596 za Waingereza, lakini taa za kuonyesha shabaha za mwanzo ziliangukia pembeni, na kilichokuwa pembeni ni kambi ya Trassenheide walikokuwa wamelala hao vibarua. Wamefungiwa na uzio. Walikufa mamia, na baadhi ya habari zilizowafikisha Waingereza pale zilikuwa zimepenyezwa na watu wa kambi hizo hizo.

Baada ya hapo Wajerumani wakahamisha utengenezaji wakaupeleka chini ya mlima, karibu na mji wa Nordhausen, mahandaki. Kambi ikaitwa Mittelbau-Dora. Miezi ya kwanza wafungwa walikuwa wanalala humo humo ndani ya handaki, vumbi la mawe, baruti, hamna jua, maji shida, choo ni pipa limekatwa. Walipita watu kama 60,000, wakafa karibu 20,000. V2 ni silaha ambayo utengenezaji wake uliua watu wengi kuliko walioangukiwa nayo. Na walioangukiwa nao si wachache, kuanzia tarehe 8 Septemba 1944 ilianza kupiga Paris na London, halafu Antwerp ndio ikala zaidi, Desemba 16 mwaka ule moja iliangukia jumba la sinema watu wanaangalia picha wakafa 567. Ilikuwa inakuja kwa kasi kushinda sauti, unasikia mlipuko kwanza ndio unasikia mvumo wa kuja kwake. Hamna king'ora kinachosaidia.

Sasa dogo. Alikuwa anasoma yale maelezo mwenyewe, Kijerumani chake kizuri kuliko changu. Akasimama kwenye picha ya wafungwa na nguo zao za mistari akakaa kimya muda, halafu akaniuliza kwa Kiswahili, na huyu akitaka jambo zito anahamia Kiswahili, "baba, von Braun alikuwa anawaona?"

Wakuu, nilitamani niseme sijui. Lakini najua. Wernher von Braun, mhandisi mkuu wa hizo roketi, aliingia kwenye chama cha Nazi mwaka 1937, SS (kikosi cha chama hicho kilichosimamia kambi za wafungwa) 1940, na yale mahandaki alikwenda na alikiri mwenyewe baadaye kwamba alikwenda. Kuna barua yake ya Agosti 1944 anaeleza alivyokwenda kambi ya Buchenwald kutafuta wafungwa wenye ufundi. Nikamjibu, ndio mwanangu, alikuwa anawaona. Chumbani kwake pale Rostock kuna picha ya huyo mzee amesimama chini ya zile injini tano za Saturn V, roketi yake iliyopeleka watu mwezini. Niliibandika mimi.

Kijana_wa_Ubungo

Poleni, ila mi nitasema tofauti kidogo na msinielewe vibaya. Setelaiti inayokupa ramani kwenye simu, utabiri wa hali ya hewa unaomsaidia mvuvi wa Mafia, vyote vimetoka humo. Tarehe 24 Oktoba 1946 Wamarekani walichukua V2 moja ya kuteka, wakaweka kamera badala ya bomu, wakairusha kule New Mexico, ndio ikatoka picha ya kwanza ya dunia kutoka anga za juu, kilomita 105. Warusi nao roketi yao R-1 ya 1948 ilikuwa kopi ya V2, kutoka hapo mhandisi wao Korolev akapanda mpaka roketi ya R-7 iliyorusha Sputnik, setelaiti ya kwanza, 1957 na Gagarin, mtu wa kwanza angani, 1961. Ukiitupa hiyo historia yote unabaki na nini? Mtoto anaweza kuipenda roketi bila kumpenda aliyeitengeneza. Mi nadhani asiondolewe furaha yake.

fundi_injini

Furaha sawa asiondolewe, lakini tusiseme bila Dora kusingekuwa na roketi, hapo napinga na nitapinga siku zote. Tsiolkovsky alikuwa mwalimu wa shule Kaluga, masikio hayasikii vizuri, 1903 kaishachapisha hesabu zote za kutoka duniani kwa oksijeni na haidrojeni za kimiminika. Mmarekani Goddard alirusha roketi ya kwanza ya mafuta ya kimiminika tarehe 16 Machi 1926 kwenye shamba la kabeji Massachusetts, ilikaa hewani sekunde mbili na nusu tu ikapanda mita 12 lakini iliruka. Hakuna mfungwa hata mmoja pale. Huyo huyo Korolev miaka mingi kabla ya Sputnik serikali yake ilimtupa Kolyma, kule mashariki ya mbali ya Urusi, kwenye machimbo ya wafungwa, akarudi meno yamemtoka. Elimu ilikuwa inakuja. Kilichofanyika Peenemünde ni kuiharakisha kwa pesa ya vita na kwa shingo za watu, na wale watu hawakuulizwa kama wanaona haraka hiyo ina thamani.

Kijana_wa_Ubungo

Hapo kwenye kuulizwa umenipata mkuu. Nakubali.

Mwana_Ngomeni

Salaam aleikum jamaa. Mimi kwetu ni Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, na nimesoma hapa nikaona ajabu hakuna aliyetaja San Marco. Watoto wetu wanajua roketi za Marekani na za Urusi lakini ukiwauliza zile jukwaa za chuma zilizosimama baharini mbele ya kijiji chao ni za nini, wengi watakwambia za mafuta.

Wataliano walikuja chini ya Profesa Luigi Broglio, wakasimamisha majukwaa kwenye maji ya ghuba ya Ungwana, na tarehe 26 Aprili 1967 setelaiti ya San Marco 2 ikaruka kutoka pale. Halafu tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri na kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, ikarushwa setelaiti ya Marekani ya kuchunguza miali ya eksirei ya nyota, na Marjorie Townsend aliyeongoza mradi ule akaipa jina Uhuru. Jina la Kiswahili likapaa angani! Uhuru ndiyo setelaiti ya kwanza duniani kwa kazi hiyo, iliorodhesha vyanzo 339 vya miali. Mpaka 1988 zilirushwa setelaiti tisa kutoka hapo. Walichagua kwetu kwa sababu tuko karibu na ikweta na mashariki ni bahari tupu, dunia yenyewe inaisukuma roketi kwa mzunguko wake.

Na roketi waliyotumia, Scout, ni ya mafuta makavu, si ya spiriti na oksijeni, kwaiyo si mtoto wa moja kwa moja wa hiyo V2. Mzee wangu alikuwa anavua, anasema siku ya kurusha walikuwa wanaambiwa wasiingie maji yale, wanakaa ufuoni wanangoja. Mlete mwanao aone na huku.

Mpwani_Rostock

Wa aleikum salaam. Ndugu yangu umenifurahisha mpaka nimemwita dogo aje asome. Ameniuliza "kwahiyo kuna setelaiti inaitwa Uhuru kweli kweli?" Sasa hivi yuko kwenye ramani anaitafuta Ngomeni.

Mukatanga

Bandugu mbote. Miye niko wa Lubumbashi, mutanisamehe Kiswahili ya kwetu iko namna yake.

Iyi mambo ya Peenemünde ilifikaka mpaka Katanga, beko bengi hawajue. Kulikuwa kampuni ya Wajeremani, OTRAG, ya Lutz Kayser. Mu miaka ya 70 rais Mobutu alibapatia udongo mu Shaba (ndio jina ya Katanga ya wakati ule), kubwa sana, kilomita za mraba 100,000, kule karibu ya mto Luvua, kusudi barushe roketi za bei ya chini. Barushaka ya kwanza mu mwezi wa tano 1977, ya pili mwezi wa tano 1978, zote zilienda bien. Ya tatu, tarehe 5 Juni 1978, Mobutu mwenyewe alikuja kuangalia, ilipanda kidogo ikapinda ikaanguka mu bonde. Kuko video yake mpaka leo. Kisha Warusi na Wafaransa balileta mafujo ya politiki, wakatolewa.

Sasa sikiliza vizuri: mukubwa wa baraza la ile kampuni alikuwa nani? Kurt Debus. Ule mutu alikuwa mwinjinia wa Peenemünde pale pale, ku kituo ya kujaribia V2, kisha akaenda Amerika akakuwa mukubwa wa kwanza wa Kennedy Space Center, kituo ya Amerika ya kurushia roketi, yeye ndiye alisimamiaka kurusha Apollo 11 yenye ilifikisha batu ku mwezi. Kutoka pale akakuja kwa kampuni yenye inarusha kwetu. Bazee ba kule batu hawabauliziake kitu, udongo ni yabo lakini walisikia tu imeishapewa.

Mama Zai

Mukatanga asante sana, hili la Shaba mimi sikuwa nalijua hata chembe. Na hilo la mwisho, la kutoulizwa, ndilo alilolisema fundi hapo juu.

Mpwani_Rostock

Debus! Jina lake nililiona pale pale makumbusho nikapita tu. Mukatanga ndugu yangu, sikujua kabisa kwamba ile njia ilipita Katanga.

Niongeze kitu kimoja ambacho dogo amekishika kuliko vyote, maana Mama Zai uliuliza mtoto kulitokea nini. Kulikuwa na rubani wa Kirusi, Mikhail Devyataev, ametekwa, amewekwa kambi ya Peenemünde. Tarehe 8 Februari 1945 yeye na wenzake tisa, wametumwa kufanya kazi uwanja wa ndege, walimuua mlinzi wakaingia kwenye Heinkel He 111, ndege ya injini mbili ambayo hajawahi kuirusha maisha yake. Mara ya kwanza ilikataa kunyanyuka, akageuza akarudi mwanzo wa uwanja, na kwa sababu alikuwa hana nguvu, ni mifupa, wenzake walimsaidia kusukuma usukani mbele kwa mikono yao. Wakaruka. Watu kumi. Walifika upande wa Warusi, na huko nako wakawashuku kuwa majasusi, walikuja kumpa heshima yake mwaka 1957.

Dogo amechora hiyo ndege. Amechora watu kumi ndani, amewahesabu kama alivyohesabu vikombe, na roketi ameichora ndogo pembeni. Picha ya von Braun bado iko ukutani, nilimuuliza kama anataka tuitoe akasema tuiache ila niandike chini yake kwa kalamu kwamba alikuwa anawaona. Nimeandika.

Mama Zai

Mungu amkuze. Nami niko Hamburg na wanangu wawili, nielekeze kwa treni maana gari sina.

Mpwani_Rostock

Amina dada. Kwa treni unakuja mpaka Züssow, pale unabadilisha unapanda treni ya kisiwani inaitwa UBB, shuka Zinnowitz, halafu kuna nyingine ndogo inakwenda Peenemünde mwisho wa reli. Ukishuka mtambo wa umeme hauwezi kukupotea. Chukua siku nzima, beba chakula, na pale bandarini kuna nyambizi ya Kirusi ya zamani watoto wanaingia ndani, ila ngazi zake nyembamba sana usiende na begi kubwa. Na ukiwa njiani kijijini utaona gofu kubwa la zege limechakaa, hicho ndio kilikuwa kiwanda cha oksijeni, lionyeshe wanao kwanza kabla hamjaingia ndani, wataelewa vizuri zaidi.